Ombi la Kufutiwa Ushindi wa Kura ya Shule

Kasmir Tarimo,
Mtaa wa Dengfeng, Xiaobei,
Guangzhou.
Novemba 1998

Kwa Bwana Clément,
Mwenyekiti, Kamati ya Wazazi Wageni.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KULALAMIKIA KUSHINDA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Hadassa, na kwamba kontena lenu limekwisha kuondoka bandari ya Huangpu salama. Sisi hapa hatujambo, ukiacha hili linalonifanya nishike kalamu.

Kama unavyokumbuka, mwezi wa Agosti shule ya msingi iliyo nyuma ya soko la mboga ilitangaza kwamba itapokea watoto watatu wa wafanyabiashara wa kigeni. Shule ile ni ya serikali, lakini ina bodi yake inayojiamulia mambo, na bodi ikaamua nafasi zitolewe kwa kura ili mwenye nacho na asiye nacho wawe sawa. Kamati yako ikakusanya majina. Nami nikamwandikisha binti yangu Teddy, mwenye miaka saba, aliyekuwa amekuja na mama yake, Getrude, kunitembelea wakati wa likizo.

Kura ikapigwa. Teddy akashinda. Ninalalamika.

Najua wapo watakaosema Kasmir sasa amezidi, kwamba mtu hulalamikia njaa, halalamikii shibe. Naomba nisikilizwe mpaka mwisho. Nilimwandikisha Teddy kwa moyo mweupe kabisa, nikiwa na hakika kwamba hatapata. Watoto walikuwa wengi, na bahati yangu mimi naijua: nikinunua miavuli, mvua hukatika mkoa mzima. Mpango wangu ulikuwa mpango wa baba mwenye upendo. Mtoto angekosa, mimi ningesikitika mbele ya mama yake, ningewasindikiza uwanja wa ndege na zawadi zao, wangerudi Marangu, na mimi ningeendelea kulala juu ya marobota yangu kama zamani. Kwa kutegemea mpango huo nilisimama hata kwenye ibada yetu ya Jumapili nikawahimiza wazazi wote waandikishe watoto, nikasema elimu haina mipaka. Wewe mwenyewe ulisema amina kwa sauti. Mtu hatoi hotuba ya namna ile kama anajua itamrudia.

Basi malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kura ilikuwa safi mno.

Tulikuwa sote pale kwenye bwalo la shule. Mwalimu Mkuu, Bibi Liang, aliweka beseni la bati mezani, akaligeuza juu chini tuone halina kitu, akakunja mikono ya blauzi yake mpaka kwenye viwiko, kisha akamwita mpishi wa shule, ambaye hawezi kusoma jina hata moja la kwetu, achote karatasi akiwa amefumba macho. Nimeona kura nyingi maishani, za ushirika, za chama na za kanisa, lakini sijawahi kuona kura ambayo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua matokeo kabla.

Siku chache kabla ya hapo nilikujia nyumbani kwako kwa heshima, nikakunong'oneza kwamba kama jina la Teddy litapotea njiani, mimi sitaleta fujo. Ukanijibu, "Ndugu Kasmir, tirage ni tirage. Mungu njo anajua." Kura ni kura; nilidhani hiyo ndiyo adabu ya watu wa Lubumbashi wanapokubali jambo. Kumbe ulimaanisha.

Tena binti yako mwenyewe, Hadassa, alikosa. Ndugu Mwenyekiti, nakuuliza kwa upole: mwenyekiti ambaye mtoto wake anakosa katika kura ambayo jina liliingia kwa mkono wake, sisi wengine tumtegemee kwa lipi?

2. Aliyestahili alikosa.

Namzungumzia Herieth, huyu anayetupikia ugali na samaki pale ghorofani, ambaye sote tunakula kwake tukijifanya tumepita tu. Mwanawe Rodgers ana miaka minane, na mchana kutwa anashinda chini ya meza za wateja akichora magari kwenye karatasi za kufungia vitu. Herieth alifunga na kuomba kwa ajili ya kura ile. Alitaka kushinda. Mimi sikutaka. Kura yenye macho ingeiona tofauti hiyo.

Jina la mwisho lilipotoka na si la Rodgers, nilimwona Herieth akiikunja leso yake polepole, akaitia kwenye mkoba, akavuka bwalo, akamkumbatia mke wangu na kuanzisha wimbo wa shukrani. Nikalazimika kuitikia. Niliimba nimeinamisha kichwa, na watu wakasema Kasmir amezidiwa na furaha.

Kwa hiyo napendekeza nafasi ya Teddy apewe Rodgers. Mtoto wa Herieth atasoma, na mimi nitaonekana mtu mkarimu. Sioni atakayepata hasara. Mke wangu sijamuuliza, kwa kuwa jibu lake nalijua.

3. Nyumba yangu imeingiliwa.

Getrude hakurudi Marangu. Angerudije, na mtoto ana shule? Chumba kile unachokijua, ambamo wewe na mimi tulikaa juu ya marobota ya jinzi tukanywa bia kwa amani, sasa kina pazia. Kina meza ambayo hairuhusiwi kuwekwa kitu chochote isipokuwa madaftari. Marobota yalitolewa kwenye korido, na kutoka korido yakapelekwa kwa mfanyabiashara mwenzetu Jovitus, ambaye hakuombwa ruhusa. Zamani nilikula nikisikia njaa. Siku hizi nakula chakula kikiwa tayari, na nikichelewa naulizwa.

Nilijaribu kumweleza mke wangu, kwa hoja, kwamba hata Marangu shule nzuri zipo, na kwamba migomba inahitaji mtu wa kuitazama. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria: "Migomba ina mama yako. Mimi nina mtoto na nina mume, na wote wawili wako huku. Au kuna mmoja hayupo?"

Nikaenda kuyatazama marobota yangu kwa Jovitus.

4. Heshima yangu kazini.

Hapa naomba kamati isome taratibu. Unafahamu kwamba wageni wakitua kutoka nyumbani huelekezwa kwangu, kwa sababu Kasmir anajua Kichina. Ndilo jina langu mjini hapa. Jumamosi moja Getrude alikuwa na shughuli zake, nikaongozana na Teddy hadi kwenye lile jengo la maduka ya jumla, pamoja na Jovitus, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka Bukoba na anatafuta mashati. Yule laoban, yaani bosi wa duka, ni mama mmoja mwenye maneno mengi. Alizungumza kwa kirefu huku akipapasa kitambaa. Alipomaliza nikamtafsiria Jovitus kama ninavyowatafsiria watu siku zote: "Anasema mzigo ni imara, na kwa kuwa umeletwa na mimi, atakuangalia."

Teddy alikuwa amekaa juu ya robota akila chungwa. Akasema, "Hapana, baba. Amesema nyekundu inachuja ukifua, kwa hiyo bora achukue ya bluu. Halafu ameuliza wewe ni nani wake."

Jovitus akachukua ya bluu. Tulipokuwa tunashuka ngazi akauliza kama Jumamosi ijayo kuna nafasi, na swali hilo hakuniuliza mimi.

Isitoshe, jioni ile mtoto akaniarifu kwamba kwa Kichina neno la kununua na neno la kuuza ni lilelile, ila moja sauti huzama kisha ikainuka, na jingine sauti huanguka moja kwa moja. Mimi huliangusha. Maana yake ni kwamba muda wote huu nimekuwa nikiingia kwenye maduka ya watu, mikono mitupu, nikitangaza kwamba nauza. "Ndiyo maana huwa wanacheka ukiingia," Teddy aliniambia, kwa upole uliouma kuliko dharau. Nilikuwa nikidhani wananipenda.

5. Kikao cha wazazi.

Shule ilituita mmoja mmoja. Nilikalishwa kwenye kiti cha darasa la kwanza, magoti yakanifika kifuani. Mwalimu Liang alizungumza kwa muda mrefu, uso mkavu. Alifungua daftari, akanionyesha ukurasa, akalifunga, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole dirishani. Mkalimani pekee aliyepatikana alikuwa Teddy mwenyewe.

"Anasema naendelea vizuri," akatafsiri.

"Na dirisha je?" nikauliza.

"Anasema ni dirisha zuri."

Ndugu Mwenyekiti, kazi ya ukalimani nimeifanya, na tafsiri fupi ya maneno marefu naijua nikiiona. Ila nilikuwa sijawahi kukaa upande ule wa meza. Nikakubali kwa kichwa nisichokijua, nikashukuru kwa Kichina, na Mwalimu Liang akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa anayesema amepona. Ukweli aliupata Getrude kesho yake, kwa vidole na kucheka, maana mke wangu hana Kichina wala haya: mtoto alikuwa ametoa kichwa dirishani katikati ya somo la hesabu kumsalimu muuza tambi.

Nililalamika kwa Getrude kwamba mtoto anajifunza uongo. Getrude akasema uongo huo hakuufuata shuleni.

6. Hili sikutaka kuliandika. Naliandika ili kamati isije ikasema nilificha.

Juzi nilirudi jioni na mzigo begani, nikamkuta Teddy amekaa kwenye ngazi za jengo letu na mtoto wa jirani anayeitwa Mei. Walikuwa wanazungumza harakaharaka, vichwa vimegusana. Teddy akasema neno, na yule mwenzake akacheka mpaka akateleza ngazi moja chini. Na mimi nikaanza kucheka, kwa sababu kicheko cha watoto kinaambukiza. Nikauliza, "Mnacheka nini?"

Teddy akataka kunieleza. Akaanza, akaacha. Akaanza tena kwa njia nyingine. Mwishowe akasema, "Kwa Kiswahili haichekeshi, baba." Wakajisogeza ukutani nipite na mzigo wangu.

Nilipokuwa nauza mitumba sokoni Moshi, mtoto huyu alikuwa anakaa mabegani mwangu, na maneno yake ya kwanza aliyasemea pale, juu ya kichwa changu. Hapakuwa na kitu alichokicheka nisichokijua. Mtu akipita na kofia ya ajabu, tulikuwa tunamwona pamoja. Wakati wa kuandikisha majina tuliambiwa kuhusu sare, tukaambiwa kuhusu chanjo na chakula cha mchana. Hili la ngazi hatukuambiwa. Kama lingetajwa kwenye tangazo, wapo akina baba ambao wangefikiri kidogo kabla ya kutoa hotuba.

Baada ya kueleza hayo, naleta maombi yangu, na kamati ichague lililo jepesi.

Kwanza, kura irudiwe, jina la Teddy likiwa halimo, na mpishi yuleyule achote ili isionekane kuna upendeleo.

Hilo likishindikana, shule iombwe kumpunguzia mtoto masomo. Akifundishwa siku moja, siku inayofuata asifundishwe, apumzike, ili aliyeachwa nyuma apate nafasi ya kusogea. Sitaki awe mjinga. Nataka aende kwa mwendo ambao mtu wa makamo anaweza kuufuata.

Na hilo nalo likishindikana, ipigwe kura ya akina baba, na mshindi apewe kiti cha nyuma darasa la kwanza. Kile kiti nimeshakikalia, nakiweza. Niko tayari hata kuvaa shingoni ile skafu nyekundu ya wanafunzi, mradi Jovitus asipewe taarifa.

Likishindikana hata hilo, basi kuanzia mwaka ujao kura ipigwe baina ya watoto ambao baba zao tayari wanajua Kichina vizuri. Utaratibu huu utaondoa kabisa msongamano, kwa kuwa miongoni mwetu hapatakuwa na mwombaji hata mmoja, na sote tutabaki na heshima zetu.

Naishia hapa kwa kuwa meza inahitajika. Nisalimie Mama Hadassa, na Hadassa mwenyewe umwambie asisononeke. Wapo watu wazima wanaomwonea wivu kwa kukosa kwake. Wasalimie ndugu wote wa Lubumbashi, na wa Kolwezi pia kama bado wapo hotelini. Mpishi wa shule ukimwona, mwambie simlaumu. Alikuwa amefumba macho.

Ni mimi, mshindi nisiye na hatia,

Kasmir Tarimo

Tanbihi:

Barua hii ilikwisha kuwa kwenye bahasha. Leo asubuhi, kabla sijatoka kukuletea, kukabishwa hodi. Alikuwa Herieth, na Rodgers pembeni yake, amenyolewa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Jana nilimsomea Jovitus kifungu cha pili, kwa sababu nilikuwa nimekipenda, na Jovitus hula kwa Herieth.

"Shemeji," Herieth akasema, "nimesikia unamwachia Rodgers nafasi. Sikutaka kuamini kabla sijasikia kinywani mwako."

Teddy alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaacha kufunga, akanitazama. Getrude akazima jiko. Mimi mfukoni nilikuwa na vifungu sita na maombi manne, vyote nimeviandika kwa mkono wangu na kuvisaini. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa: "Nafasi gani?"

Herieth hakukasirika, afadhali angekasirika. Akainama akamrekebisha Rodgers kola, ingawa ilikuwa imekaa vizuri. "Basi sawa, shemeji," akasema. "Kwa kweli ningekushangaa." Wakashuka.

Nilimpeleka Teddy shule mimi mwenyewe. Tulipofika getini akanipa neno moja la Kichina nilitamke. Nikalitamka, akatikisa kichwa. Nikalitamka tena, na tena, hadi alipoona limekaa, akaingia ndani kabla sijamuuliza maana yake. Nikasimama pale mpaka kengele ilipogongwa, nikaendelea kusimama, isije ikawa kuna mzazi mwingine ambaye Jovitus amekula naye, naye anakuja kudai kiti.

Kwa hiyo tafadhali barua hii ichukue kama ya shukrani. Kura ilikuwa ya haki, na atakayeomba irudiwe nitakuwa wa kwanza kumpinga hadharani.

Lakini lalamiko moja limebaki, nalo ni kwamba viti ni vitatu. Nimeandika barua nyingine kwenda kwa Mwalimu Liang, kuomba kiti cha nne, cha Rodgers. Nakuomba uisaini nami, wewe kwa niaba ya waliokosa, mimi kwa niaba ya waliopata. Sahihi ya kwanza ni ya Herieth. Nilimpelekea mchana, akafuta mikono, akaichukua, akaisoma yote, mstari kwa mstari, ndipo akaomba kalamu.